Kompyuta Iliyozoea Baridi ya Nunguni

Kompyuta ilizimika tena katikati ya kuchapa programu ya harusi, na Kavata akahisi anaweza kumng'ata mtu. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni mwa duka la Kavata pale Kyuso akingoja nakala, na kanisani bibi harusi alikuwa ameshavaa.

Wa kung'atwa alikuwepo. Nzioka, mumewe, ndiye aliyeifungua mashine kwao Nunguni akahamisha kiplastiki kimoja kwenye bodi ya ndani, ili ikimbie kasi kuliko ilivyoundwa.

"Lakini Mama Mutindi, kule Nunguni ilikimbia wiki nzima bila shida!" Nzioka alimwambia mkewe.

"Nunguni hata wewe unalala na sweta! Hapa kuku wanatafuta kivuli asubuhi. Bodi ya bei rahisi, feni kama kifuniko cha soda, halafu unaikimbiza kama ng'ombe wa mnada! Rudisha!"

Nzioka alikirudisha kiplastiki mahali pake, jasho likimtiririka. Kavata hakupoa. Alimtupia ungo wa kupepetea ndengu.

"Pepea."

Mashine iliwaka, polepole kama zamani. Nzioka aliipepea hadi karatasi ya mwisho ikatoka, huku mchungaji, kwa heshima, akijifanya anatazama barabara.