Kuku wa Domitille Arudi Bila Rangi

Domitille alikuwa na hadithi moja tu ya kujivunia, na Yannick, mdogo wa mume wake, hakuwahi kuiacha ifike mwisho kwa amani.

Hadithi yenyewe ni hii. Alipokuwa msichana, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi palikuwa na mashine kubwa ya mchezo ulioitwa La Poule. Kuku mweupe anaruka paa hadi paa akimkimbia mbwa, na kwenye paa la mwisho anakuta mayai ya kila rangi. Lake ni jekundu; akikalia lingine anaporomoka. Domitille alifika huko, kuku akainamisha shingo, akalikalia, na mashine ikaandika DOM juu ya majina yote. Kesho yake ukaja uporaji wa mwaka tisini na moja, askari na raia wakibeba kila kitu. Mashine ikaondoka juu ya mkokoteni, na jina lake ndani yake.

Kila alipoisimulia na kufika kwenye shingo aliinamisha ya kwake, na Yannick akamwiga mbele ya watu, kwa kuwa shemeji ana ruhusa ya kutania.

"Shemeki, ile kuku iko ya bongo! Nani alionaka?"

Hakuna aliyeona, na kuitwa mwongo kulimuuma Domitille kuliko alivyokubali kusema.

Mwaka tisini na saba, waasi walipokaribia mji na maduka yote ya mtaa wa Kenya yakafungwa, watu walijifungia nyumbani na uchovu wa kusubiri. Yannick akatoa uani kimashine alichokinunua mpakani Kasumbalesa, akakiunga kwenye televisheni. Ndani yake mlikuwa na La Poule! Lakini jamani, kuku gani huyo? Mbwa amegeuka paka mnene, muziki unalia kama mbu, na kuku anaruka kwa kuchelewa, kana kwamba anaomba ruhusa kwanza. Tena kimashine kilituma rangi kwa mtindo wa Zambia, na televisheni ya nyumbani ilijua mtindo wa Kifaransa tu. Picha ilitoka, rangi ikakataa. Mayai yote yalikuwa ya kijivu. Watu wa ua zima walijaribu, ua zima likaporomoka.

"Ukishinda, nitapika bukari ya bantu bote, hapa inje," Yannick akasema, yeye ambaye hakuwahi kushika mwiko wa ugali. "Ukishindwa, ile hadithi inakufa leo."

"Nakubali," Domitille akajibu.

Mama Victorine, mama mkwe wa Domitille, akavuta kiti awe mwamuzi.

Mara ya kwanza vidole vya Domitille viliruka mruko wa zamani, na kuku akaanguka paa la pili. Watu wakacheka. Akaanza upya, akamvumilia kuku huyu mzito kama unavyomvumilia mgeni, na taratibu akazoea. Akafika juu. Mayai ya kijivu yakajipanga, na ukumbi wa zamani haukuwa na msaada wowote, kwa sababu kule macho yaliifuata rangi nyekundu tu.

"Chagua basi!" Yannick akadakia, akainamisha shingo kwa mbwembwe, kushoto.

Domitille akaangua kicheko. Shingo! Akaacha kuyatazama mayai, akamtazama kuku. Kuku naye akainamisha shingo, polepole, kulia. Rangi ilipotea njiani, lakini yeye alilijua yai lake.

Domitille akampeleka huko, kuku akalikalia. Muziki wa mbu ukapaa, kioo kikaomba jina, na Domitille akaandika D, O, M. Ua likalipuka kwa vigelegele.

Hapo hapo umeme ukakatika, jina likafutika.

Yannick akaruka kwa furaha. "Jina imekwisha! Sasa ushahidi iko wapi?"

Mama Victorine akaingia jikoni, akarudi na mwiko, akautia mkononi mwa Yannick.

"Ushahidi ni mi," akasema. "Babula ile pale, moto iko tayari. Koroga."