Mzigo wa Jiko

Tsermaa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa akisukuma mizigo katika soko kubwa la Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Mkokoteni waliukodi yeye na Dorjoo, mvulana aliyelala naye shimo moja, chini ya barabara, ubavuni mwa mabomba ya maji moto. Nywele alizinyoa, na uso akaufunga skafu mpaka puani. Sokoni wote walimdhania mvulana, naye hakuwasahihisha. Mtoto wa kike wa shimoni ana maadui zaidi ya baridi.

Mwaka ule theluji iliua mifugo huko nyikani, wafugaji wakamiminika mjini. Watu wazima wakaanza kugombea mizigo na watoto.

Asubuhi moja mama mmoja mnene alinunua jiko la chuma. Tsermaa akawahi.

"Mama, nipe mimi! Nalifikisha garini bila hata mkwaruzo."

"Dada, usimpe huyo," sauti ikasema nyuma yake. "Hawa watoto wa mashimoni ni wezi. Ukipiga chafya tu, jiko huna."

Mama yule alicheka. Tsermaa akaganda. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza ngamia jike mpaka amnyonyeshe ndama aliyemkataa. Miaka miwili nyuma ilimwambia abaki mjini kwa shangazi, asome, na kwamba angefuatwa kondoo wakishanyolewa. Hakuna aliyemfuata. Kipigo cha shangazi kilipozidi, akatoroka.

Aligeuka. Luvsan, baba yake, alikuwa amekonda, shavu moja limebabuliwa na baridi. Jiko alikwisha kulinyanyua.

"Wee mzee, huo mzigo wetu!" Dorjoo alifoka. "Rudi kwa mbuzi wako!"

"Mbuzi wangu wamekufa wote. Nina watoto wawili wa kulisha. Nipishe."

Tsermaa akashusha skafu.

Luvsan alimkodolea macho. "Tsermaa? Mwanangu... shangazi yako alisema uko shule."

"Ulimwuliza lini?"

Luvsan alilisogeza jiko kifuani.

"Kumbe mnajuana?" mama mwenye jiko akauliza. "Amueni basi, naganda hapa!"

Tsermaa alingoja. Alitaka baba yake alitue lile jiko, hata kwa dakika moja. Luvsan aliinamisha uso, akalipakia kwenye mkokoteni wake.

"Simjui huyu mzee," Tsermaa akasema. "Mpe yeye, mama. Mimi si ni mwizi?"

Mchana Luvsan alirudi na buuz nne za moto, maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, kwenye mfuko. Tsermaa alipomwona alijibanza nyuma ya kontena, na Dorjoo ndiye aliyezipokea.

"Anasema utarudi nyumbani," Dorjoo alimweleza baadaye.

"Nyumbani wapi?"

"Wana hema kule mlimani, wamebanana sita. Lakini si leo. Mpaka hali itengemae."

Tsermaa alikula zake mbili harakaharaka, zisije zikapoa. Kisha wakausukuma mkokoteni hadi lango la pili, ambako wafugaji walikuwa hawajafika bado.