Safu ya Kazi Iliyofanywa

Mjukuu wangu alirudi, akalitupa daftari mezani kama anatupa ganda la ndizi.

"Mke mwenzangu, nani kakulisha ndimu?" nikamtania.

"Mkuu wa ofisi kakataa kusaini, Bibi."

Utani ukaniishia. Chuo kilishasema: daftari lenye saini na muhuri lifike Ijumaa, la sivyo arudie mwaka. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Miezi mitatu kakaa kwenye ile ofisi ya mawakili wa serikali, eti anajifunza sheria kwa vitendo, hapewi hata nauli. Wenyewe wanaita kujitolea. Neno hilo nalijua mimi. Mtu hujitolea mwenyewe. Huyu katolewa, kama mbuzi wa kafara, maana bila miezi hiyo cheti hapati.

"Umekosea nini?"

"Nimeandika nilichofanya."

Nikavaa miwani, nikasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Safu zilikuwa tatu: tarehe, kazi iliyofanywa, nilichojifunza. Jumatatu: Nimepeleka koti la mkuu kwa dobi. Nilichojifunza: kistari. Jumanne: Nimefuata koti, halijakauka. Kistari. Jumatano: Nimemngoja mtoto wa mkuu kwenye geti la shule. Ukurasa wa pili ndio nikakuta kazi yenyewe: Nimeandika maoni ya kisheria, kurasa kumi na moja, kuhusu kiwanja cha zahanati. Mkuu amefuta jina langu, ameweka lake. Nilichojifunza: kufuta.

"Na jina lenyewe hawalijui," akasema. "Wananiita Dobi."

Nikavua miwani. Na mimi ndiye niliyekuwa namsukuma kila asubuhi, mvumilivu hula mbivu, mvumilivu hula mbivu, mpaka mlangoni.

Kesho yake tukaenda wote wawili. Njiani akaapa hataandika uongo hata nukta. Ofisi iko ghorofa ya pili. Kwenye korido mafaili yamefungwa kamba, yamerundikwa hadi yamekula nusu ya dirisha, na chini yake wanafunzi wanne kwenye benchi moja wamepakata kompyuta walizotoka nazo kwao. Meza hawana. Mkuu anayo, kubwa ungeweza kumlaza mgonjwa, na zulia la kuzamisha kisigino.

Adabu pia anayo, tena ya kumwagika. "Shikamoo mama! Karibu sana, kaa hapa."

"Marahaba."

"Mjukuu wako ana akili kweli. Kasoro yake moja tu, anaandika kama yuko kizimbani anatoa ushahidi."

"Kwani kasema uongo?"

Akacheka mpaka magego yakaonekana. "Sheria ni lugha, mama. Lile koti si navaa mahakamani? Basi aandike, Nimeshiriki maandalizi ya shauri. Si uongo huo. Aandike upya, nasaini leo hii."

"Na zile kurasa kumi na moja?"

"Za ofisi zile," akasema, wala hakupepesa. "Hapa hakuna cha mtu."

Mjukuu wangu alikuwa hamtazami yeye. Ananitazama mimi. Ningesema twende, angeinuka, na mwaka wake ungekwenda na maji. Nikasema, "Andika, mama."

Akakaa benchini na daftari jipya. Wenzake wakabanana kumpisha, wakaanza kumsaidia kama watu wanaochambua mchele. Mmoja wanamwita Stepla, kwa kuwa kubana karatasi ndiyo kazi yake tangu afike. "Pale ulipoenda kwa dobi mara ya pili, weka ufuatiliaji," akasema Stepla. "Mimi ufuatiliaji ninao mara tisa."

"Na yule mtoto getini?" mjukuu akauliza.

Wakakwama. Nikajikuta nimesema, "Andika, kulinda maslahi ya mteja."

Benchi zima likaangua kicheko. "Bibi, wewe wakili kabisa!" Mjukuu wangu alicheka hadi machozi, na mimi nikacheka, halafu nikakisikia kicheko changu. Kilikuwa kama cha yule wa ndani.

Saa nane daftari likaingia. Mkuu alifungua ukurasa wa mwisho tu, akasaini, akagonga muhuri. "Umeona? Sasa umeiva. Mwezi ujao wanakuja wapya, uje siku mbili tatu uwaonyeshe namna ya kujaza. Kwa kujitolea tu."

"Nitakuja, mkuu," akajibu, upesi, na tabasamu ambalo sikulizaa mimi wala mama yake.

Kwenye ngazi nikamshika mkono. "Utakuja kweli?"

"Bibi, huyu ndiye anayependekeza majina ya kuajiriwa."

Alikuwa amelikumbatia daftari kifuani, ana furaha, anasubiri hongera yangu. Nikampa. Kisha nikatazama huku na huku zile ngazi za serikali, mate yamenijaa mdomoni, nikakosa pa kutema.