Figo Niliyompa Chiriku

Uvimbe niliugundua kwa sababu kola ilikataa kufunga. Nilikuwa nimemshonea sare ya chuo mtoto wa kaka yangu, nikadhani nimekosea kipimo, nikakasirika, maana mimi sikosei. Nilipopitisha kidole shingoni nikakuta tezi ngumu chini ya taya. Tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki.

Figo anayoishi nayo nilimpa mimi, shangazi yake. Hospitalini daktari alikata kipande cha uvimbe kikapimwa, majibu yakaja: saratani ya tezi za kinga. Hakupindisha maneno. Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo hulaza kinga, saratani hii ikapata nafasi, na vijana waliopandikizwa ndio walio hatarini zaidi.

"Tunaanza kwa kupunguza dawa, kinga iamke," alisema. "Ila figo tunaweza kuipoteza."

Wifi yangu, mama yake Chiriku, aliitikia kwa kichwa tu. Huyu ndiye aliyetufundisha wote kwamba dawa haziachwi hata mbingu zianguke. Harusini, msibani, utamkuta anamfuata bintiye na glasi ya maji.

Tuliporudi kliniki, daktari alitazama majibu ya damu akakunja uso. Kiwango cha dawa mwilini kilikuwa kilekile, na uvimbe umeongezeka.

"Nani anampa dawa?"

"Mimi," wifi akasema, macho chini. "Nampa kama zamani."

Nilimgeukia. "Wifi, una akili kweli? Unataka kumuua?"

"Ningekutazama vipi usoni? Ulipasuliwa ubavu kwa ajili ya mwanangu, halafu niiue figo yako kwa mkono wangu?"

Kila nikienda kwao kiti kizuri ni changu, mnofu ni wangu, nami nakula bila haya. Kumbe shukrani zile zilikuwa zinamkaba koo.

"Sikiliza, wifi. Nilimpa ili aishi. Figo ikifa, ife. Atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, atalalamika kutwa, na sisi tutamsikia."

Jioni wifi alimimina vidonge kiganjani kama alivyozoea, idadi ileile ya zamani. Nikamshika mkono. Tukavirudisha pamoja vile vilivyozidi kwenye kichupa, na Chiriku akameza vilivyobaki. Roho iliniuma, sitaficha. Ile ni figo yangu. Nikakaza kifuniko.