Mlango wa Tumpe

Tumpe aliporudi kutoka sokoni alikuta chumba chake hakina mlango. Ulikuwa umeegemezwa ukutani kwa mwenye nyumba, mzee Gibson, aliyeishi nyumba ya mbele katika ua huohuo.

Sababu aliijua. Mzee alikuwa amepata mfanyabiashara aliyetaka vyumba vya uani viwe stoo ya mizigo ya kuvushwa mpakani kwenda Zambia, akamwambia Tumpe ahame haraka. Tumpe alimjibu kwa heshima kwamba kodi aliyokwisha kulipa inamfikisha Septemba, na ndio kwanza Julai. Mzee hakubishana. Alisubiri atoke.

Vitu vilikuwa salama. Jirani na mpangaji mwenzake Sabra, mke wa dereva wa lori kutoka Tanga, alikuwa amekaa kizingitini akivilinda. Alimshauri Tumpe afungashe arudi kwao Itaka, maana mwenye nyumba hashindwi.

Tumpe hakufungasha. Alisogeza cherehani yake mpaka penye uwazi wa mlango, akajifunga kitenge mabegani kwa upepo wa baridi uliokuwa ukiingia, akaanza kushona. Zilikuwa sare za kwaya, kwaya ya kanisa ambako Gibson alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa. Wanakwaya walipokuja kujaribu nguo waliuliza mlango uko wapi, naye akawaonyesha kwa kidole.

Mzee Gibson akatoka, akamuuliza kama bado hajaelewa.

"Nimeelewa, baba," Tumpe alisema bila kuinuka. "Umechukua mlango. Chumba hujachukua."

"Nyumba ni yangu."

"Ni yako, sikatai. Ndiyo maana kodi siicheleweshi, ua naufagia, na bomba lilipopasuka niliita fundi. Wajibu wangu nimetimiza. Wewe timiza wako."

Mzee akasema kesho ataezua na bati.

"Ezua. Nitashona juani."

Kisha akamwachia Sabra cherehani, akaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa, mama Enesi. Mama huyo alifika akamuuliza mzee swali moja tu: ana amri ya mahakama ya kumtoa mpangaji? Mzee akaanza kueleza jinsi alivyoijenga nyumba ile kwa jasho lake. Mama Enesi akarudia swali.

Hapo Sabra akasimama.

"Ukimtoa yeye hivi, kesho ni mimi. Nami sitoki."

Wanakwaya wote walikuwa wanamtazama mzee wao. Akaenda kuuchukua mlango. Kuufunga peke yake kulimshinda, kwa hiyo Tumpe aliushikilia mpaka alipokaza skrubu ya mwisho.

Mfanyabiashara alitafuta stoo kwingine. Mzee Gibson hakuitikia tena salamu ya Tumpe, lakini Tumpe aliendelea kumwamkia kila asubuhi, na ua aliendelea kuufagia zamu yake ilipofika.

Septemba ilipokwisha alihama kwa hiari yake, akapanga karibu na barabara ya lami. Kabla ya kuondoka aliziba matundu ya misumari, akapaka ukuta chokaa, akasugua choo. Akamwita mzee mbele ya mama Enesi.

"Kagua, baba. Kagua vizuri, nami nipo."

Mzee alizunguka chumba kile polepole, akapitisha mkono ukutani. Hakuona kasoro. Tumpe akamkabidhi ufunguo, akajitwika cherehani yake, akatoka.