Kiapo cha Asiye na Shamba

Kaka yake karani wa mapokezi aliingia ofisini na viatu vya kuazima vilivyochanika, shati kalikunja makusudi. Dada mtu alimtazama kupitia dirisha la mapokezi. Jumapili tu mtu huyuhuyu alikuwa na suti harusini, leo eti mkulima fukara. Umaskini wenyewe ungemwona ungeona haya.

Benki ya Ardhi alikofanya kazi karani, hiyo ya umma, ilikuwa imenunua shamba kubwa la tajiri mmoja ili iwagawie wakulima wasio na hata kipande. Mwombaji anaapa kwamba hana ardhi, kiapo kinabandikwa ubaoni siku ishirini na moja, mwenye pingamizi analeta. Kamati ndiyo inayoamua. Karani kazi yake kujaza fomu.

"Jaza haraka, dada. Mimi na wewe damu moja."

Damu moja! Marehemu mdogo wao naye alikuwa damu moja, na huyu bwana ndiye aliyempeleka mjane wake baraza la ardhi ili amtoe kwenye shamba la bondeni, alilogawiwa marehemu na baba yao. Mama wa watu kalilima miaka kumi na moja, na hukumu ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Una shamba?" karani aliuliza.

"Sina."

"Na lile la bondeni, analolima wifi?"

Kaka akainama dirishani. "Andika si langu. Andika ni la yule mjane."

"Lakini barazani unasema ni lako."

"Baraza liko kule, nyinyi mko huku. Tangu lini ofisi zikasomana?"

"Kiapo kinabandikwa ubaoni, kaka. Kila mtu atakisoma."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Nani anasoma ubao? Wale wa jembe?"

Basi. Karani aliandika neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Kaka akatia sahihi bila kusoma, akavuka barabara kwenda kuapa kwa wakili, akarudi na muhuri mbichi akitabasamu kama aliyeshinda. Mpumbavu hahitaji adui.

Wale wa jembe walisoma. Siku ya tatu wifi alifika, kidole kikitambaa kwenye karatasi mstari kwa mstari. Akaomba nakala, akaomba na fomu ya pingamizi.

Siku ya hukumu barazani, mwenyekiti aliiweka nakala ya kiapo mezani. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na shamba?"

Kaka alimtafuta dada yake kwa macho, akamkuta kakaa benchi la nyuma, anamwangalia tu. Akisema ni lake, kiapo cha uongo kina jela yake.

"Si langu."

Wifi alifunika uso kwa kanga akalia, mahindi yake yakiwa shambani yamefika kiunoni.

Kesho yake kaka alikuja mbio dirishani, viatu vyake vizuri miguuni. "Haya, na kile kipande cha benki?"

Karani alimwonyesha ubao. Kulikuwa na pingamizi moja, mwandiko wa wifi: *Huyu hajawahi kulima. Mpeni jembe alime tuta moja, mkimtazama.* Chini yake kamati ilikuwa imeandika: *Alipewa wiki iliyopita. Alikataa kulishika. Ameondolewa.*

"Sasa mimi sina shamba kabisa," alisema.

"Ndivyo ulivyoapa, kaka," dada yake alimjibu, akamwita aliyefuata kwenye foleni.