Maji ya Baba Mdogo

Watu wa Voi hupenda kusema ndugu yangu Nashon alitajirika kwa bahati. Bahati gani, jamani? Mnamwona leo na maduka yake, hamkumwona akipanda kilima cha Sagalla bila viatu. Baba aliyemzaa alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka magharibi. Alipofariki, mama yangu Tryphena alimchukua yule mtoto, mwaka uleule wa njaa, tukawa tunagawana naye uji.

Alikua akiuza ndizi za Taveta kwenye madirisha ya treni, na mwaka wa 1957 akapata duka lake karibu na stesheni. Bidhaa zilikwisha kupangwa, lakini mlango hakuufungua. Kwetu Taita, kinyongo cha mzee huharibu kazi ya mtoto. Sharti mzee akitamke, apige funda la maji, ayapulize nje pamoja na hasira yake. Ndiko kutasa huko. Baba yetu alikuwa marehemu, kwa hiyo mzee wetu alikuwa mdogo wake, Mwandawiro, ambaye hakuwahi kumwita Nashon kwa jina.

"Huyo wa reli si damu yetu," alisema siku zote. Nilimchukia kwa hilo, sifichi.

Mama alimbembeleza mpaka akashuka Voi. Nashon akapiga magoti mbele ya duka, akampa kibuyu cha maji.

"Sema lililo moyoni, baba."

Mzee akakipokea. "Mwaka wa njaa nilikuja kwa Tryphena kuomba unga. Akaniambia uliobaki ni wako. Danson wangu akafa. Alikuwa rika lako."

Mama akajifunika uso kwa leso. Mimi sikuwa nikijua. Maskini baba mdogo, miaka yote ile nilimwona mtu wa roho mbaya tu.

Akapiga funda. Tukangoja. Akameza.

Kumeza ni kuirudisha hasira moyoni. Nashon alikuwa akilia, lakini hakuinuka. Alikijaza kibuyu tena, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Baba, sifungui bila wewe, hata nizeekee hapa. Unga wa Danson niliula mimi."

Baba mdogo alimtazama sana. Akapiga funda jingine, mashavu yakimtetemeka, akayapuliza maji yote usoni mwa Nashon.

"Fungua, Nashon," akasema.

Nashon hakujifuta. Alifungua mlango uso ukiwa bado umelowa. Mteja wa kwanza kuingia alikuwa baba mdogo. Aliomba unga, kibaba kimoja.